GARI LINAKOSA PUMZI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nachingwea)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wastaafu mliokubali kuja kuketi nasi, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na vijana wa shule mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:

Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze mbele yenu, ilinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, ila chini ya barua ikaongeza kwa kalamu maneno haya: "lisiwe la ofisini". Nimejitahidi kutii, lakini nimefaulu nusu tu. Jambo nililokuja nalo lilianzia barabarani, likaingia gereji, na kwa bahati mbaya likapitia mezani kwangu. Ni habari ya motokaa ambayo ukiikanyaga mafuta haiitiki; au huitika, lakini baada ya kukaa kwanza ikifikiri, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea.

Najua haya hayanihusu peke yangu. Asubuhi nilizihesabu pikapu zilizoegeshwa chini ya miembe pale nje, nikaacha zilipofika kumi na moja.

Nianze na lori la shule. Wale wa rika langu, tuliokuwa hapa katika miaka ya 1990, mnalikumbuka. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka Ruangwa kucheza mpira, na mabao tuliyofungwa siyataji mbele ya vijana hawa, mara waya wa mafuta ukakatika porini. Dereva hakuhangaika kutafuta fundi. Alikata kipande cha kamba ya katani, akakifunga kwenye mkono wa pampu ya mafuta, akakipitisha kwenye boneti mpaka dirishani, akamketisha kijana mmoja karibu naye na kumpa kazi ya kuvuta. Dereva akisema "vuta", lori linakwenda. Akisema "legeza", linapoa. Tulifika Nachingwea saa nne usiku kwa mtindo huo. Yule aliyekuwa akivuta kamba yumo humu ukumbini, ameota kitambi, na leo ni mtu na heshima zake. (Kicheko.)

Nimelikumbusha lori hilo kwa sababu linaonyesha magari ya zamani yalivyokuwa. Mguu wa dereva ulishikamana na injini kwa waya wa chuma. Ukikanyaga nusu, waya unavuta nusu. Na ukikatika, hata kamba ya katani inaweza kushika nafasi yake. Pikapu za leo hazina waya huo. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliuondoa kwenye baadhi ya magari yake mwishoni mwa miaka ya 1980, wengine wakafuata, na sasa ni vigumu kukuta pikapu mpya iliyo nao. Mahali pake pamewekwa sensa mbili ndani ya pedeli ya mafuta, na kazi yake ni kuipelekea kompyuta ya gari umeme mdogo. Katika magari mengi ya Kijapani sensa ya kwanza hutoa kiasi cha volti 0.5 hadi 1.1 pedeli ikiwa haijaguswa, na hupanda mpaka baina ya 2.6 na 4.5 ukikanyaga hadi chini. Zimewekwa mbili ili zichungane. Zikitofautiana, kompyuta haiziamini tena, huwasha taa ya injini na kulipunguzia gari nguvu, likabaki na mwendo wa kuchechemea wa kukufikisha nyumbani tu.

Kwa hiyo siku hizi mguu unapeleka ombi. Kompyuta hulipokea, ikatazama joto la injini, hewa inayoingia, na msukumo wa turbo, ndipo ikaamua itoe dizeli kiasi gani. Na katika injini hizi za dizeli kuna sharti moja ambalo sikulijua mpaka lilipotugharimu: kompyuta haipendi kutoa dizeli kuzidi hewa iliyopimwa, kwani dizeli isiyo na hewa ya kuichoma hutoka nyuma kama moshi mweusi. Hewa ikipungua, na dizeli nayo inazuiwa. Wewe unakanyaga, kompyuta inakunyima, na hakuna aliyekuambia kwamba umenyimwa.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Lilikuwa pikapu ya Serikali ya milango minne, ya dizeli, tena si kuukuu. Chapa yake siitaji, maana kosa halikuwa la chapa. Ilikuwa mwaka 2023, katika msimu wa salfa. Kwa wenzetu mliohamia Dar es Salaam mkasahau, salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Pikapu hiyo ilikuwa ikibeba mifuko ya kilo 25 na maafisa ugani, leo Naipanga, kesho Ruponda, keshokutwa imevuka kwenda Ruangwa mpaka Nkowe na Mbekenyera. Huko huingia mashambani kabisa, ikasimama katikati ya mikorosho injini ikiunguruma huku mashine zinapuliza pande zote.

Mnamo katikati ya mwezi wa Juni dereva wetu alianza kulalamika. Huyu ni mtu mzima, wakati huo alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na ofisi nzima tunamwita Mzee. Alisema gari limekuwa zito. Likiwa tupu na njia ni tambarare linakwenda vizuri tu. Likipakiwa na kufika kwenye mwinuko, unakanyaga, linanyamaza, unakanyaga tena, ndipo linaanza kuvuta kama mtu anayeinuka kitandani akiwa na homa.

Tulilipeleka karakana moja, ambayo nayo siitaji. Pale fundi aliiwasha injini, akaisikiliza akiwa amesimama mikono kiunoni, akasema: "Nozeli hizo." Nozeli nne zikatolewa, zikapelekwa kupimwa Dar es Salaam, mbili zikanunuliwa mpya. Waliopata kununua nozeli za injini hizi za kisasa wanajua bei yake, sina haja ya kuwatia uchungu. Gari likarudi baada ya wiki mbili likiwa vile vile. Karakana ikasema basi ni turbo, ikatuletea makadirio. Nilipoyaona makadirio yale nilivua miwani nikaifuta, nikavaa tena.

Hapo ndipo mmoja wetu katika kikao alipotoa wazo jingine: huenda ni mafuta. Mnakumbuka sababu iliyoifanya EWURA ianze mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta: watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli wapate faida. Na kweli mafuta ya taa ni adui wa injini hizi, kwa sababu pampu yake ya msukumo mkubwa hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Sasa kama dizeli ya gari letu imechanganywa, nani anayeijaza? Macho yote yakaelekea upande mmoja. Hakuna aliyemtaja Mzee kwa jina. Iliamuliwa tu kwamba aandikiwe barua ya kujieleza ndani ya siku saba.

Barua hiyo niliisaini mimi.

Alijibu siku ya pili yake, kwa mistari mitatu, kwa mwandiko wa wale waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya. Alisema hajauza mafuta ya Serikali tangu aajiriwe. Alisema tatizo la gari alishalieleza. Mstari wa tatu ulisema: "Naomba daftari la safari lisomwe." Mimi nililichukua kuwa jibu la mtu mwenye kiburi, nikaliingiza jalada, nikasubiri kikao kijacho.

Kabla ya kikao kufika ilinilazimu mimi mwenyewe kwenda Ruangwa kwa gari lile lile, tukiwa na mzigo. Njia nzima mimi na Mzee hatukusemezana zaidi ya salamu. Kwenye mwinuko mmoja kabla ya kuingia mjini gari lilifanya vile alivyosema. Alikanyaga mpaka chini. Nililiona goti lake. Injini ikanyamaza. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yetu likatupita likipiga honi, na utingo aliyekaa juu ya mchanga akatupungia mkono.

Ruangwa tulielekezwa kwa kijana mmoja aliyesomea ufundi VETA, mwenye gereji ya mabati. Alitusalimu, "Shikamooni wazee," akanikaribisha kiti, kisha akaniacha hapo hapo akamgeukia Mzee. Maswali yake yote alimwuliza yeye. Mzee, linafanya hivyo likiwa tupu au na mzigo? Asubuhi injini ikiwa baridi au hata ikichemka? Injini inapanda sauti bila gari kwenda, au na injini nayo haipandi? Swali hilo la mwisho baadaye alinieleza maana yake: injini ikipiga kelele huku gari haliendi, klachi inateleza, gari likikosa mbio hata kwenye mteremko, yumkini breki zinashika, lakini kama injini yenyewe haipandi, ndipo uanze kuichunguza injini. Mzee alijibu moja baada ya jingine. Nilikuwa sijamsikia akizungumza maneno mengi kiasi hicho kwa mwezi mzima.

Kisha kijana aliinama akatazama chini ya pedeli. Tulikuwa tumetandika zulia la mpira juu ya zulia jingine, kwa ajili ya vumbi. Akaliondoa la juu, akakanyaga kwa mkono kuona kama pedeli inafika mwisho. Mimi nilitabasamu, nikaona ni mchezo wa kitoto. Baadaye nilisoma habari za Marekani, nikaacha kutabasamu. Huko baada ya mwaka 2009 kulikuwa na kilio kikubwa cha magari ya Toyota kwenda mbio yenyewe, yaani ugonjwa ulio kinyume cha wetu. Serikali yao iliwaita hadi wahandisi wa NASA, hao wanaorusha vyombo angani, wakachunguza umeme na kompyuta za magari hayo kwa miezi kama kumi. Taarifa ilipotolewa Februari 2011 ilisema hawakuona kosa la umeme lenye kusababisha hatari hiyo. Yaliyojulikana yalikuwa pedeli zilizonata na mazulia yaliyozinasa.

Zulia letu halikuwa na hatia. Ndipo kijana akatoa kidude kidogo mfano wa kiberiti, akakichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, lile lenye matundu 16 ndani yake, na habari za injini zikaanza kuonekana kwenye simu yake ya mkononi. Wengi wetu tunadhani kidude kile kikichomekwa kinasema "badilisha kitu fulani". Hakisemi hivyo. Kinaonyesha namba, na mtu ndiye anayezisoma.

Aliingia garini na Mzee akiendesha, mimi nikakaa nyuma kama abiria. Tukarudi kwenye mwinuko ule ule. Kwanza alitazama ombi la mguu: Mzee akikanyaga taratibu, namba ilipanda taratibu toka chini mpaka juu bila kuruka wala kusita. Basi ombi linafika. Pili alitazama msukumo wa dizeli kwenye bomba linalogawa mafuta kwa nozeli. Kompyuta inaandika msukumo inaoutaka na msukumo uliopo, na namba hizo mbili zilipanda na kushuka pamoja kama watoto pacha. "Pampu inatoa inachoombwa," kijana akasema. "Nani aliwaambia nozeli?" Sikujibu. Tulipotua alifungua kizibo cha chujio la dizeli akakinga kidogo kwenye chupa ya kioo, tukaitazama kwenye jua: haikuwa na maji wala takataka. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa mahakamani kuhusu mafuta ya taa, lakini mimi nilikuwa nimemtuhumu mtu bila hata chupa.

Namba za tatu ndizo zilizosema. Hewa ya kawaida inayotuzunguka ina msukumo wa karibu kilopaskali 100. Pale mlimani kompyuta ilikuwa inaitaka turbo ifikishe zaidi ya 200, nayo ilikuwa inafika 140 na ushee. Na kipimo cha hewa inayoingia kilikuwa chini kupita kiasi. "Hewa," akasema kijana. Mzee alitazama dirishani.

Nilisema kwa sauti ya kiofisi kwamba chujio la hewa haliwezi kuwa tatizo, kwa kuwa daftari la matengenezo linaonyesha lilibadilishwa mwezi wa Aprili. Kijana hakubishana nami. Alifungua klipu nne, akainua kifuniko.

Ndugu zangu, mle ndani mlikuwa na kitu kama mkate. Unga wa njano wa salfa ulikuwa umelowana na umande wa alfajiri, ukachanganyika na vumbi letu jekundu, ukakauka, na kuziba kila mkunjo wa karatasi. Chujio lilikuwa jipya kweli, la mwezi wa Aprili, kama daftari lilivyosema. Lakini lilikuwa limevuta salfa ya majuma mengi. Vitabu vya watengenezaji wenyewe huagiza kwamba penye vumbi jingi chujio lichunguzwe mapema kuliko kawaida. Sisi tulikuwa tunahesabu kilomita tu, kana kwamba gari linatembea barabara za lami za Japani.

Liliwekwa chujio jingine, tukarudi mlimani. Gari likavuta vizuri zaidi, lakini mara nyuma yetu likatoka wingu la moshi mweusi ambalo halikuwapo kabla. Moyo wangu ulianguka. Nilijua sasa tumeliua kabisa. Kijana yeye alifurahi. Akaeleza hivi: kwanza hewa ilikuwa haipiti, kipimo kikasoma kidogo, kompyuta ikabana dizeli, kwa hiyo hapakuwa na moshi, bali uzito tu. Sasa hewa inapita na kupimwa, kompyuta inatoa dizeli ya kutosha hewa hiyo, lakini njiani sehemu ya hewa inapotea kabla ya kufika kwenye injini. Dizeli imezidi, ndiyo moshi. Akapitisha vidole kwenye ule mpira mnene utokao kwenye turbo kwenda kwenye kipozea hewa, akakuta chini, karibu na klampu, ukungu wa oili. Akaubonyeza. Palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, uliojifunga wenyewe gari likisimama na kufunguka turbo ikisukuma. Kwa macho ya kawaida usingeuona mwaka mzima.

Mpira na chujio, na malipo ya kijana pamoja na soda zetu tatu, havikufika bei ya nozeli moja. Hesabu hiyo niliifanya njiani na kuirudia mara kadhaa.

Nadhani hapo wenye pikapu mlio humu mnataka kujua kama sasa gari linaitika papo hapo kama lile lori la kamba. Haliitiki hivyo. Kijana alituambia waziwazi kwamba usingizi mdogo unabaki, kwa sababu turbo haina budi ipate moshi wa injini wa kutosha kuizungusha, na kwa sababu watengenezaji wenyewe wameipanga kompyuta iwe mpole ukikanyaga ghafla, ili kulinda gia na kupunguza moshi. Kuna visanduku vinauzwa vya kuchomekwa kati ya pedeli na kompyuta, na wenyewe hudai vinaongeza nguvu. Haviongezi hata punje. Vinachofanya ni kukuza ombi, ukikanyaga robo kompyuta ikadhani umekanyaga nusu. Kama hewa haipo, utakuwa unanyimwa kwa haraka zaidi. Na kabla hujatoa senti kwa mtu yeyote, tazama kitufe kilichoandikwa ECO kwenye dashibodi. Rafiki yangu mmoja, simtaji ingawa ameketi mstari wa pili, alizunguka gereji mbili za Nachingwea kwa sababu ya kitufe hicho, kumbe mtoto wake alikibonyeza akicheza. (Kicheko.)

Tuliporudi Nachingwea usiku ule sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilifungua ofisi nikatoa daftari la safari. Ni daftari ambalo dereva hulijaza kila siku na sisi wakubwa tunalisaini kila Ijumaa. Tarehe 14 Juni, kwenye safu ya maelezo, Mzee alikuwa ameandika: "Gari linakosa pumzi." Tarehe 19 tena: "Gari linakosa pumzi, hasa baada ya mashamba ya salfa." Tarehe 27: "Linakosa pumzi. Naomba chujio litazamwe." Chini ya kila ukurasa palikuwa na saini yangu.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake kabla hajatoka. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee." Akaitika, "Marahaba, mkuu," na kunipa kigoda. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, akasema yamekwisha, tukanywa chai. Lakini ninyi mlio watumishi mnajua kwamba barua ikishaingia jalada la mtu haitolewi kwa chai. Niliandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, nikaeleza sababu, nikataja tarehe zile tatu na saini zangu tatu, na nakala nikaipeleka kwa wote waliokuwa kwenye kikao. Mmoja wao aliniambia nimejidhalilisha bure. Huenda. Mzee alistaafu mwaka 2024 na mafao yake yakaenda bila swali.

Gari bado lipo. Ndilo lililonileta, ni lile jeupe lenye bango la maafisa ugani, chini ya mwembe wa tatu. Kwenye kiti cha nyuma nimeweka chujio lile la salfa ndani ya mfuko wa nailoni, maana nilijua kuna watakaosema natia chumvi. Anayetaka aje aliangalie wakati wa chakula, ila asilipige-pige, linatoa unga.